Kruzi kontroli kwenye GX100 iliyowekwa 1JZ-GTE ya throtoboi ya kebo: inawezekana?

GX_Nyanda

Wakuu, salaam. Gari ni Mark II GX100 ya 1998, ilikuja na 1G-FE ya otomatiki. Sasa ina 1JZ-GTE ya VVT-i, tabo moja, giaboksi R154 ya manyuo, kompyuta ya Toyota iliyokuja na injini, na throtoboi (mlango wa hewa ya injini) inavutwa na kebo. Spidi mita inafanya kazi, nimeilinganisha na GPS na inasoma sawa. Taa za breki za nyuma ni LED.

Nataka kuongeza kruzi (kifaa kinachoshikilia mwendo bila kukanyaga pedali) kwa ajili ya njia ndefu, Dar hadi Mbeya mguu unakufa ganzi. Fundi mmoja anasema niweke ile inayovutwa na vakyumu ya manifoldi (mvuto wa hewa kwenye njia ya ulaji wa injini) kwa kuwa ni rahisi, mwingine anasema kwa throtoboi ya kebo haiwezekani kabisa. Ninunue nini, na waya zinaingia wapi?

Waya_Mbili

Inawezekana, mkuu. Kruzi zilivuta kebo miaka mingi kabla ya throtoboi za umeme kuzaliwa.

Ya vakyumu achana nayo kwenye injini ya tabo. Kruzi inahitaji nguvu zaidi pale gari inapopanda, na gari ikipanda ndipo tabo inapojaza manifoldi, vakyumu inaisha. Unaweza kuweka tangi dogo na vali ya njia moja, itashikilia kwa muda, lakini mlima mrefu utaimaliza na mwendo utaporomoka. (Si kwamba mlima Kitonga, kwenye njia hiyo ya Mbeya, ni mahali pa kuwasha kruzi.) Tafuta inayovuta kwa mota ya umeme. Kwa gari yako kuna njia mbili.

Ya kwanza ni seti mpya ya kufunga gari yoyote, kama Rostra 250-1223: kopo lenye mota na kompyuta humo humo, kebo, na swichi unayochagua mwenyewe. Ya pili ni seti ya Toyota ya gari zilizokatwa, mfano Crown za miaka ya 1990 zilizokuwa na kruzi. Ukienda kwa hii usinunue kipande kipande. Chukua mota na kebo yake, kompyuta ndogo ya kruzi, swichi ya usukani, swichi ya breki ya waya nne, na plagi zote zikiwa zimeachiwa mkia wa waya wa sentimita 20 au zaidi. Plagi ikikosekana utaitafuta hadi uzeeke.

Kabla ya kulipa mota ya Toyota, ipime na testa. Ndani yake kuna klachi ya sumaku, na upinzani wake ni takriban ohmu 38. Ikionyesha waya uliokatika, rudisha. Pima pia sensa ya nafasi iliyomo humo, waya za VR1, VR2 na VR3. Weka testa kati ya VR2 na VR3 kisha zungusha mkono wa mota taratibu: namba ipande bila kuruka. Ikiruka, kruzi itakuwa inakata yenyewe njiani na utalaumu waya zako bure.

Sasa mambo matatu ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kufunga kopo ni saa moja tu.

Signo ya mwendo. Sensa ya kwenye R154 inapeleka mapigo kwenye dashibodi, na dashibodi inayapeleka kwenye kompyuta ya injini kwa waya wa SPD. Gongea hapo, karibu na kompyuta. Kipimo cha Kijapani ni mizunguko 637 ya geji kwa kilomita, na kwa mapigo 4 kwa mzunguko unapata 2,548 kwa kilomita, yaani karibu 4,100 kwa maili. Seti za Marekani zinahesabu kwa maili, kwa hiyo kwenye vile viswichi vidogo vya Rostra unachagua kiwango kilicho karibu na 4,000. Kwa kuwa umesema spidi mita iko sawa na GPS, hesabu hii inakuhusu moja kwa moja. Ambaye giya ndogo ya spidi mita haiendani na difu yake, mapigo yake yatakuwa pungufu au ya ziada kwa kiasi kile kile ambacho geji inadanganya.

Swichi ya breki. Kwenye Toyota za kruzi ina jozi mbili za mguso. Moja inawasha taa. Nyingine imefungwa muda wote, na umeme wa klachi ya sumaku unapita humo. Ukikanyaga breki, mguso huo unafunguka na mota inaachia kebo hata kama kompyuta ya kruzi imerukwa na akili. Usiruke hiyo waya kwa namna yoyote.

Swichi ya klachi. Ile inayozuia starta haifai, kwa sababu inaguswa pedali ikifika chini. Unataka ya juu, inayobadilika pedali inaposhuka sentimita moja au mbili. Bila hiyo, ukikanyaga klachi kruzi inaona mwendo unashuka, inaongeza mafuta, na injini haina mzigo. Mizunguko inaruka juu.

Boost_Tanga

Naongezea kwenye kebo, maana hapo ndipo wengi wanaharibu.

Kwenye 1JZ tabo na manifoldi ya ekzosi viko kulia, ulaji uko kushoto. Funga kopo kushoto, kwenye bodi, usipitishe kebo juu ya injini. Kopo liko kwenye bodi na throtoboi iko kwenye injini, na injini inacheza kila unapokanyaga, hasa kama mauntini (vishikio vya injini) zako ni za mpira laini. Kebo iwe na upinde mpana. Ikinyooka kama kamba ya nguo, injini ikijiinamia inavuta throtoboi yenyewe, na hilo halitibiki kwa kubadili waya.

Acha mlegezo wa milimita 2 hadi 3 kruzi ikiwa imezimwa. Ukikaza, throtoboi haifungi kabisa, mzunguko wa sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) unapanda, na kompyuta ya injini inakosa kujua kwamba umeachia mafuta. Kabla ya kuwasha chochote, zungusha throtoboi kwa mkono hadi mwisho kisha iachie: irudi kwa mlio mmoja mkavu. Rudia huku msaidizi anakanyaga pedali. Mnyororo au kishikio cha kebo kisiweze kujikunja na kunasa kwenye gurudumu la throtoboi.

Halafu angalia unashika wapi. Ukishika karibu na ekseli ya throtoboi, milimita moja ya kebo inafungua nyuzi nyingi za pembe, na kruzi inakuwa na papara. Ukishika mbali na ekseli, inakuwa laini. Kwa injini ya tabo, shika mbali kadiri kopo linavyoweza kuvuta. Huhitaji kufungua throtoboi yote, kwenye tambarare kruzi inatumia sehemu ndogo tu.

GX_Nyanda

Asanteni sana wakuu. Naelekea kwenye Rostra kwa kuwa seti kamili za Crown ni adimu kupata. Karatasi yake inasema waya mmoja uende upande wa swichi ya breki wenye umeme muda wote, na mwingine upande unaokwenda kwenye taa. Hizi LED zangu zina shida gani hapo?

Relei5

Waya wa upande wa taa unatafuta athi (upande hasi, yaani bodi ya gari) kupitia nyuzi za balbu. Breki ikiwa haijakanyagwa, kruzi inaona athi hiyo na inakubali kuwaka. LED haipitishi hivyo, kruzi inadhani waya umekatika na inakataa kabisa.

Dawa ni relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pini 5. Koili iendeshwe na waya wa taa za breki, pini ya 87a kwenye athi, 87 kwenye umeme wa 12V, na 30 iende kwenye waya wa kruzi. Usipokanyaga inaona athi, ukikanyaga inaona 12V.

Waya_Mbili

Inafanya kazi, lakini fikiria koili ya relei hiyo ikiungua, au plagi yake ikilegea kwa mtikisiko. Waya wa kruzi unabaki kwenye athi daima. Unakanyaga breki, taa za LED zinawaka kama kawaida, kruzi haijui kitu kupitia waya huo. Umeondoa ulinzi ili upate urahisi.

Njia nzuri zaidi ni kurudisha balbu moja ya kawaida ya nyuzi kwenye mzunguko wa breki. Taa ya tatu ya kioo cha nyuma inatosha. Ukitaka LED kila mahali, ficha balbu ya wati 5 ndani ya buti, kwenye soketi ya chuma mbali na kapeti, ikiwa sambamba na taa za breki. Ikiungua, kruzi inakataa kuwaka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kukosea.

Na athi ya kruzi ipeleke kwenye bodi tupu iliyokwanguliwa rangi, isichangie bolti na pampu ya mafuta au feni. Waya wa mwendo usiufunge pamoja na nyaya za koili za plagi. 1JZ ya VVT-i ina koili tatu juu ya kichwa na zina kelele ya umeme ya kutosha.

NairobiStandalone

Watu wa kebo mmesema vizuri. Kwa atakayesoma hapa akiwa na Link au Haltech Elite (kompyuta za injini za kununua kando) badala ya kompyuta ya Toyota: msinunue kopo. Wekeni throtoboi ya umeme, kruzi iko ndani ya programu tayari.

Mnahitaji throtoboi ya Bosch yenye pini 6 (mbili za mota, 5V, athi, na signo mbili za nafasi), pedali yenye sensa mbili, na relei ya peke yake ya mota ya throtoboi ambayo kompyuta inaweza kuikata. Signo mbili za pedali zikitofautiana kuliko kiwango mlichoweka, kompyuta inazima mota, kwa hiyo fanyeni kalibresheni ya pedali na throtoboi kabla ya kugusa ukurasa wa kruzi.

Swichi, tumieni ile fimbo ya Toyota, 84632-34011. Ina waya mbili tu na kila kitufe kina upinzani wake: kuwasha ni karibu sifuri, RES (kurudia mwendo uliowekwa) takriban ohmu 240, SET takriban 630, CANCEL takriban 1,540. Mkiupa waya wa fimbo 5V kupitia rezista ya kilo-ohmu 1 na kupima volti zake mtapata hivi: hakuna kilichobonyezwa 5V, CANCEL 3.0V, SET 1.9V, RES 1.0V, kuwasha 0V. Acheni dirisha (nafasi ya kukosea) la 0.2V kila upande. Mkanda wa umeme ulio chini ya usukani ukichakaa unaongeza upinzani kidogo, na dirisha likiwa jembamba SET itaanza kukosa ukiwa kwenye kona.

Altezza_Kisumu

Na mimi niulize hapo hapo. Nina 2JZ-GE ya VVT-i yenye throtoboi ya umeme na kompyuta yake ya Toyota, ila giaboksi nimetoa otomatiki nikaweka manyuo. Fimbo hiyo inaingia moja kwa moja?

NairobiStandalone

Angalia kwanza ramani ya pini za kompyuta yako kama kuna CCS (pini ya swichi ya kruzi). Ikiwepo, waya mmoja wa fimbo unaenda CCS na wa pili athi. Breki inataka waya mbili: STP kutoka upande wa taa, na ST1- kutoka mguso wa pili ule uliofungwa muda wote. Ukiunganisha STP pekee, kompyuta inaona breki mbili zisizokubaliana na haiwashi.

Tatizo lako litakuwa D. Kompyuta ya otomatiki inakubali kruzi ikiona gia iko D. Kwa manyuo waya huo hauna kitu, inadhani uko N. Upe umeme wa swichi ya kuwasha gari kupitia swichi ya juu ya klachi, ile inayofunguka pedali ikianza kushuka. Ukikanyaga klachi kompyuta inaona umetoka D na kukata. Usiuunganishe moja kwa moja bila swichi.

GX_Nyanda

Hapo sawa. La mwisho: nikimaliza nijaribu vipi, na ikianza kuvuta na kuachia nirekebishe wapi?

Boost_Tanga

Jaribu barabara tupu iliyonyooka, gia ya nne, kama 70 km/h. Washa, bonyeza SET, kisha gusa breki kwa kidole cha mguu tu. Ikate kabla hujahisi pedi zinashika. Isipokata, sogeza swichi ya breki kwenye mabano yake hadi taa ziwake mwanzoni kabisa mwa pedali. Rudia kwa klachi, ukitazama geji ya mizunguko, isipande. Weka pia swichi ya kuzima mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Kuvuta na kuachia, anza na kebo kabla ya viswichi. Mlegezo ukizidi, mota inavuta hewa, mwendo unashuka, kisha inashika ghafla na kupitiliza. Ukishahakikisha milimita 2 hadi 3, ndipo ushushe hisia ya kruzi hatua moja kwenye viswichi vya Rostra na ujaribu tena kwa mwendo ule ule. Ikiyumba kwenye gia ya nne na kutulia kwenye ya tano, hiyo ni hisia kubwa. Ikiyumba popote na geji ya mwendo nayo ikitetemeka, acha kruzi, fungua plagi ya sensa ya R154 uangalie kama kuna oili imeingia kwenye pini.

Waya_Mbili

Na kwa atakayetumia seti ya Toyota: ikikata yenyewe, unganisha pini za TC na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, uhesabu mweko wa taa ya kruzi. 21 ni waya wa mwendo. 23 ni kwamba mwendo halisi umeshuka 16 km/h chini ya uliouweka. Kwenye gari ya manyuo, 23 mara nyingi ni dereva amepanda mlima na gia ya tano.