Luau ipi ukiwa kwenye kruzi ya Hawaii, Maui au Kauai? Na mnafikaje?

Binti_Tanga77
Jamani habari za humu, naombeni msaada kabla sijaingiza kadi ya benki. Mwezi wa tano nampeleka bi mkubwa kwenye kruzi ya Hawaii, ile ya meli ya Pride of America, siku saba, inaanzia Honolulu inarudi hapo hapo. Nimeichukua makusudi maana ina bendera ya Marekani kwaiyo inazunguka visiwani tu, zile zinazotoka Los Angeles ni za bendera za nje na sheria inazilazimisha ziguse bandari ya nchi nyingine, nyingi zinapita Ensenada kule Mexico, na mama kaja na viza ya kuingia mara moja, sasa nimwache Mexico halafu nirudi kumwambia nini baba?

Tulipokwama ni kwenye luau, ile sherehe yao ya jioni ya chakula na ngoma. Nimebaki na tatu: Old Lahaina Luau ya Maui, Luau Kalamaku ya Kauai, na Island Breeze ya Kona ambayo kwenye ramani naiona iko hatua chache tu kutoka gatini. Hiyo ya Kona ndo inanivutia maana mama ana miaka 71 na magoti yake ni ya kubembeleza. Nguruwe hali. Gari sijaamua kama nikodi. Mliokwenda mnasemaje?

Nahodha_Mstaafu
Dada, Kona ifute leo hii. Ni kweli ukishuka Kailua-Kona hoteli yenye hiyo luau unaiona hapo hapo, ila luau inaanza jua likielekea kuzama na muda huo meli yako inajiandaa kuondoka. Halafu Kona meli haifungi gatini, inatia nanga nje mnaletwa kwa boti ndogo, na boti ya mwisho ikiondoka ndo imeondoka. Na mimi nilitaka hiyo hiyo, nikaisoma ratiba mara tatu nikidhani nimekosea.

Meli yako inalala bandarini mara mbili tu. Kahului, Maui, Jumapili kuamkia Jumatatu, na Nawiliwili, Kauai, Alhamisi kuamkia Ijumaa. Bandari za Hilo na Kona unafika asubuhi jioni mnaondoka. Kwaiyo jioni za luau unazo mbili, anzia hapo ndo uulize ipi tamu.

mamaKeisha_254
Mimi nitasema Old Lahaina na siyumbi. Iko ufukweni kabisa, jua linazama mbele yako, na ni Kihawaii mtupu: kwanza hula, yaani dansi yao, ile ya kale ya kughani na ngoma ya kibuyu, baadaye ile ya magitaa na ukulele. Hutaona mtu anarusha visu vya moto, maana hiyo ni ya Samoa, si yao. Kuna wanaosema bila moto imepooza, mimi niliipendea hapo hapo. Ule moto wa Agosti 2023 ulikula sehemu kubwa ya mji wa Lahaina, luau ikafungwa miezi, wakafungua tena Machi 2024.

Ubaya ni bei, mtu mzima ni zaidi ya dola 200, na nafasi zinaisha mapema mno. Pia wakati wa kubuku sema unataka meza ya viti, kuna sehemu ya kukaa chini kwenye mikeka, sasa mama mwenye magoti akikaa pale utatafuta winchi ya kumwinua.

chagu_wa_dodoma
Mama Keisha umesahau barabara. Kutoka Kahului hadi Lahaina ni kama kilomita 38 na njia ya maana ni moja, ile namba 30 inayopita ukingoni mwa mlima, huku jabali huku bahari. Ikitokea ajali moja tu mnakaa. Sisi tulitoka gatini tukijua ni dakika 45, tukatumia saa moja na nusu, tumefika shimo wanamookea nguruwe lishafukuliwa, kilichobaki ni moshi.

Kwenda kwa teksi au Uber gharama yake karibu iwe tiketi nyingine, na kurudi usiku kutoka Lahaina ndo kizungumkuti, watu mia kadhaa wanatoka kwa mpigo wote wameshika simu. Kama ni Maui basi kodi gari, uwanja wa ndege wa Kahului hauko mbali na bandari na ofisi za magari zote ziko pale, hiyo gari utaitumia na Jumatatu mchana. Au angalia zile luau za hoteli za Wailea, barabara yake ni nzuri na fupi zaidi.

Bi_Shufaa_Muscat
Binti, kuhusu chakula usihofu lakini uwe macho. Nguruwe ndio mheshimiwa wa shughuli, anafukiwa kwenye imu, tanuri la shimo lenye mawe ya moto, juu majani ya migomba na ya ti, anakaa humo masaa. Wakimfukua wanamchambua nyuzi nyuzi na anawekwa kwenye bafe pamoja na vingine. Kuna laulau pia, imefungwa kwenye majani mama ataona kama kitu cha nyumbani, ndani mara nyingi ni nguruwe huyo huyo, ulizeni kwanza. Kuku, samaki, wali na saladi vipo. Mie nilikwenda mapema kwenye foleni kabla vijiko havijaanza kuhamishwa sahani hadi sahani. Haupia msikose, ni tui la nazi limegandishwa likakatwa vipande.

Na wanaosema nendeni luau ya Polynesian Cultural Center pale Laie kwa kuwa ni ya kanisa la Wamormoni na pombe haiuzwi, ni kweli pombe hakuna, ila nguruwe yupo. Pia Laie ni upande wa pili wa kisiwa cha Oahu, zaidi ya saa moja kutoka Waikiki, hiyo ni ya mtu aliyefika Honolulu siku moja kabla ya kupanda meli, na Jumapili wanafunga.

Nahodha_Mstaafu
Ahsante Bi Shufaa. Mimi kura yangu Kalamaku. Iko Kilohana, shamba la zamani la tajiri wa miwa, nyumba yake ya miaka ya 1930 bado imesimama. Kutoka gati la Nawiliwili ni maili kama 3, dakika kumi umefika. Jukwaa liko katikati watu wamezunguka chini ya paa, kwaiyo mvua ikinyesha, na Kauai inanyesha kweli kweli, nyie mnaendelea kula. Shoo ni hadithi ya safari ya mitumbwi kutoka Tahiti, na moto upo wa kutosha. Bahari huoni, hilo nakiri.

Kuna na Smith's pale Wailua, bustani yao ni nzuri kuliko zote na kuna kigari cha kuzungusha wazee, ila barabara ya Lihue kwenda Kapaa jioni inafunga kama Mbagala, na hawafanyi kila siku, angalia kama Alhamisi yako ipo.

mamaKeisha_254
Kwenda Hawaii ukale ndani ya banda bila kuona bahari? Haya.

Nahodha_Mstaafu
Bahari ataiona siku saba mama Keisha, analala juu yake 😂

chagu_wa_dodoma
La mwisho, kununua melini au mwenyewe. Melini wanakuwekea basi kwenda na kurudi na bei wanaipandisha. Watu hununua melini kwa kuogopa kuachwa na meli, lakini usiku huo meli si imelala? Ukichelewa kurudi saa mbili nzima bado utaikuta pale pale. Hofu hiyo iweke kwa ziara za Hilo na Kona, na Ijumaa Kauai maana saa nane mchana mnaondoka.

Binti_Tanga77
Nimewaelewa. Kalamaku Alhamisi, nabuku mwenyewe, gari sikodi. Mama Keisha usininunie.

Binti_Tanga77
Tumerudi wapendwa, nilisema nitaleta mrejesho. Kwenda tulichukua teksi gatini, dereva mmama mtu mzima kampenda mama, njia nzima wanaongea na Kiingereza cha mama ni cha salamu tu. Tulikaa meza ya pembeni, viti vya kawaida, magoti hayakulalamika.

Poi ndo ilileta kesi. Nilikuwa nimemwambia ni magimbi yamepondwa, akafurahi, akachota kijiko kikubwa kabisa. Ule uji wa zambarau ukamvutika kwenye kijiko, akaonja, akatulia, akaniuliza taratibu, "Hawa magimbi wameyafanyia nini?" Siku ya pili tukapita mashamba ya magimbi ya bonde la Hanalei, yako ndani ya maji kama majaruba ya mpunga, akaangalia mpaka shingo ikauma, anasema magimbi mazuri hivi halafu unakwenda kuyachachua. Haupia kala vipande vinne.

Kurudi sasa. Dereva tuliyepanga naye atufuate hakutokea na simu hapokei. Uber inazunguka tu kwenye skrini. Tulisimama pale nje karibu dakika arobaini, mabasi ya meli yanajaa na kuondoka mbele yetu, mama ananiangalia hasemi kitu, na mnajua mama wa Kitanga akinyamaza. Mwishoni nilimfuata dada wa mapokezi akatupigia teksi ikaja. Kwaiyo mnaokwenda na wazazi, teksi ya kurudi iulizeni mapokezi mkiwa mnaingia, kabla hata hamjavishwa yale mashada.

Bi_Shufaa_Muscat
Alhamdulillah mmerudi salama. Na kisu cha moto alikionaje?

Binti_Tanga77
Alifumba macho mwanzo mwisho, kila dakika ananiuliza "kishaondoka?"