MREJESHO: Kinu cha kukoboa kahawa, Masaka (Uganda)

Wakuu, niliuliza kama kinu chetu cha kukoboa kahawa aina ya robusta kinaleta faida kweli ukitoa gharama zote. Asanteni sana. Kwenye hesabu nimeingiza uchakavu wa mashine, riba ya mkopo na vipuri, si umeme na vibarua pekee. Faida ipo, ila nyembamba.

Kinachoamua ni kiboko, yaani kahawa kavu yenye maganda. Kilo 100 zilizokauka vizuri hutoa takriban 50 hadi 55 za kahawa safi, yaani iliyokobolewa. Ikiwa na unyevu, unalipia maji, na hilo naliona zito kuliko bili ya umeme. Sasa tunapima unyevu kabla ya kununua. Makapi wanachukua wachoma matofali. Mashine ya pili hatununui msimu huu.