UZI WA MALALAMIKO: Hizo "kilo 115" za skrambla nyepesi hupimiwa wapi?

Wadau, leo nina hasira na namba moja tu: ile ya uzito kwenye karatasi ya dukani. Zunguka maduka ya pikipiki Nakuru au Kisumu, uliza skrambla yenye taa na namba, ya lami na ya shambani. Zote ni "nyepesi". Muuzaji anakupa kijikaratasi kimeandikwa kilo 115, halafu anarukia rangi na tairi. Muulize kama hizo kilo ni pamoja na petroli, atakuangalia kana kwamba umemuuliza mshahara wake.

Ujanja wenyewe uko hivi. Kuna uzito mkavu, na kuna uzito wa pikipiki iliyo tayari kuondoka. Mkavu hauna petroli, mara nyingi hauna oili wala maji ya rejeta, na wengine wanatoa hata betri. Kampuni hazikaushi sawa, kwa hiyo kulinganisha "mkavu" wa huyu na "mkavu" wa yule ni kazi bure. Ulaya angalau wameubana mchezo huu: kanuni yao nambari 168/2013 inahesabu vimiminika vyote, na tanki liwe limejaa angalau asilimia 90. Kampuni ya KTM nayo hutaja uzito bila petroli, lakini wanasema hivyo waziwazi. 690 Enduro R yao ya 2019 iliandikwa kilo 146 bila petroli. Jaza tanki la lita 13.5 na umefika 156.

Petroli ina takriban kilo 0.74 kwa lita. Shika hiyo namba, utaihitaji kila ukisoma tangazo.

Mfano ambao hauna ubishi ni Suzuki DR-Z400S. Kwa miaka iliandikwa kilo 132, baadaye ikaandikwa 144, na pikipiki ni ile ile. Zile 12 zilitoka wapi? Tanki lake ni lita 10, hizo ni kilo 7.4. Oili ni karibu lita 2, weka kilo moja na nusu hivi. Maji ya rejeta ni kilo moja na kitu. Betri ni mbili na kitu. Jumla inagonga 12. Chuma hakikuongezeka hata gramu, ila tu mtu aliacha kukausha.

Sasa mtego wa pili, ambao hata wanaosoma "uzito kamili" wananaswa: tanki dogo. Honda CRF300L imeandikwa kilo 142 ikiwa tayari, tanki lita 7.8. Dada yake, Rally, ni 153, tanki lita 12.8. Watu wanalia kilo 11, lakini karibu 4 kati ya hizo ni petroli ya ziada tu, petroli ambayo mwenye tanki dogo ataibeba kwenye jerikeni nyuma ya kiti, mahali pabaya zaidi. Honda XR150L nayo ni karibu 129 na tanki la lita 12. Ukitaka kulinganisha kwa haki, toa petroli pande zote: XR150L inabaki na kama 120, CRF300L 136, Rally 143.5. Hapo ndipo unaona chuma na chuma.

Halafu tunaifikisha kwa fundi wa jua kali, na hapa lawama ni zetu wenyewe. "Fundi, niwekee keria ya nguvu." Fundi anachukua nondo ya milimita 12, kwa sababu ndiyo iko karibu. Nondo hiyo ina kilo 0.89 kwa mita. Keria ya kawaida inakula mita 6, basi umeongeza kilo 5.3 juu na nyuma. Paipu ya milimita 25 yenye ukuta wa 1.5 ina uzito karibu ule ule kwa mita, lakini haipindi kirahisi hivyo, kwa hiyo mita 3 zinatosha na unaokoa nusu. Sahani ya kukinga injini ni hesabu ile ile: bati la chuma la milimita 3, sentimita 30 kwa 40, ni kilo 2.8. Alumini ya milimita 4 kwa ukubwa huo ni 1.3. Alumini ni ghali na si kila fundi anaichomea, najua, lakini sahani unaweza kuikata na kuifunga kwa bolti bila kuchomea chochote.

Piga jumla kwa XR150L: 129, keria 5.3, sahani 2.8, gadi za kuangukia kama 4, jerikeni ya lita 5 ikiwa imejaa 3.7, spana na tyubu mbili za akiba kama 4. Umefika karibu 149, na dereva hajapanda. Hiyo "150 nyepesi" sasa imeipita CRF300L iliyotoka dukani.

Na mahali pa kilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Gunia la kilo 40 likikaa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye pikipiki yenye sentimita 135 kati ya ekseli na ekseli, linainua karibu kilo 9 kutoka gurudumu la mbele. Ndiyo maana kupanda Nyando au miteremko ya Nandi Hills usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inakataa kukata kona. Watu wanalaumu tairi.

Msiniamini mimi, pimeni. Dalali wa mahindi mwenye mizani ya jukwaa ya kilo 300 atakupimia pikipiki nzima kwa bei ya soda. Angalia kwanza kama mizani ina muhuri wa maafisa wa vipimo. Kama huna dalali, mizani ya bafuni inatosha:

1. Jaza tanki mpaka shingoni. Pikipiki iwe imeoshwa na kukauka.
2. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Kwenye udongo au zulia mizani inadanganya.
3. Hakiki mizani kwa mfuko wa simenti wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ikisoma 48, ujue.
4. Weka gurudumu la mbele juu ya mizani, na la nyuma juu ya ubao wenye kimo kile kile.
5. Simamisha pikipiki wima, ishike kwa kidole tu, soma namba. Geuza, pima nyuma. Jumlisha.

Makosa yanayoharibu hesabu ni mawili. La kwanza ni kusahau ubao: upande mmoja ukiinuka, uzito unahamia upande ulio chini. La pili ni msaidizi mwenye huruma anayeinua usukani bila kujua. Mwambie asimamishe tu, asibebe.

Kinachoniudhi zaidi: mkulima wa viazi Molo ana kanuni za 2019 zinazosema gunia lisizidi kilo 50. Pikipiki inauzwa kwa pesa za magunia mangapi, na hakuna anayeuliza uzito wake umepimwaje?

Jibu (Kakamega): Mkubwa, unahesabu kilo kumi kama dhahabu. Boda hapa inabeba abiria wawili na kuku. Kilo kumi ni nini?

Mwenye uzi: Abiria ukikwama anashuka na kusukuma. Nondo haishuki. Na ukianguka unainua chuma, huinui abiria.

Jibu (Ahero): Umesahau tope. Huku Kano udongo mweusi unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma. Lita tano za tope bichi ni zaidi ya kilo 8, na zote ziko kwenye magurudumu.

Mwenye uzi: Kweli kabisa ndugu. Madigadi ya mbele ya juu ndiyo sababu moja ya kununua skrambla, na bado kuna watu wanaishusha ili ipendeze. Ukikwama, usilazimishe klachi mpaka itoe harufu ya kuungua. Zima, toa tope kwa fimbo kuanzia kwenye cheni na sproketi ya mbele, ndipo usukume.

Jibu (Njoro): Mimi ni fundi. Wateja wananiuliza betri ya lithiamu ili wapunguze uzito. Inafaa?

Mwenye uzi: Fundi, inapunguza kilo moja na nusu au zaidi, na ni kazi ya dakika kumi. Lakini pima kwanza chaji: injini kwenye mizunguko 4,000 hadi 5,000 kwa dakika, volti kwenye betri iwe kati ya 13.8 na 14.6. Rekitifaya (kile kidude kinachodhibiti chaji) iliyochoka ikipitisha volti 15, hiyo betri ya bei itakufa mapema. Kabla ya lithiamu ningemwambia mteja aanze na keria, haigharimu kitu kukata vipande visivyobeba mzigo. Sailensa nyepesi nayo inaokoa kilo kadhaa, ila kwenye kabureta jeti (vile vitundu vya kupitisha petroli) zitahitaji kubadilishwa, na majirani watakuchukia.

Jibu (Kapsokwony): Ikilala kwenye mteremko wa udongo mwekundu, inainuliwaje bila kuvunja mgongo?

Mwenye uzi: Zima swichi, funga bomba la petroli kama ni ya kabureta. Usiinue ikiwa magurudumu yanatazama juu ya mlima. Ivute ikiwa imelala, izunguke mpaka magurudumu yawe upande wa bonde. Kama imelalia kulia, fungua stendi kabla hujaanza, isije ikaangukia upande wa pili. Ingiza gia ya kwanza isiteleze. Kisha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria au fremu, mgongo wima, sukuma kwa miguu. Ikiwa imefungwa mzigo, fungua mzigo kwanza. Wengi wanaruka hatua hiyo kwa haraka, wanainua kilo 40 za bure.

Sasa wenye mizani, leteni namba hapa. Andikeni modeli na mwaka, kilo za mbele, kilo za nyuma, lita za tanki, na kila kitu kilichofungwa juu yake. Picha ya karatasi ya duka msiniletee.