Nimeombwa kuwa mlezi wa klabu mpya ya kujifunza kuhutubia, naombeni ushauri

Mtu wa Shekilango:
Wakuu, heshima kwenu. Hapa Sinza kuna watu wameanzisha klabu ya kujifunza kuzungumza mbele ya hadhira, na lengo ni kuisajili Toastmasters, ule mtandao wa kimataifa wa klabu za kuhutubia. Kwa kuwa mimi ni mwanachama wa klabu moja ya Posta, wakaniomba niwe mlezi wao. Nikakubali fasta. Sasa naona mambo yanaenda mrama.

Tuko 13, na usajili unataka 20. Wageni wanakuja, wanacheka, wanapiga picha, halafu ndiyo basi. Waliobaki wananitegemea kwa kila kitu: ratiba mimi, funguo za ukumbi mimi, hata maji ya kunywa mimi. Kuna wazee wawili wanapenda kipaza sauti balaa. Hotuba ni ya dakika 5, lakini 3 zinaishia kwenye salamu na "itifaki imezingatiwa". Halafu baadhi wanataka tuongee Kiingereza tupu, na siku hiyo nusu ya ukumbi inakuwa bubu. Nawasilisha.

Fundi Saa:
Hongera na pole, mkuu. Katika hao 20, angalau 17 wasiwe wanachama wa klabu nyingine, kwa hiyo usiazime wenzako wa Posta kujaza daftari. Wala usijaze mashemeji. Ada ni ya dola, inalipwa kila miezi sita. Awamu ya pili ikifika, shemeji hapokei simu.

Mama Wawili wa Tabata:
Wageni hawarudi kwa sababu wamekuja kuangalia tu. Mgeni apewe nafasi kwenye hotuba za papo kwa papo, dakika moja mpaka mbili, swali jepesi: "Tusimulie daladala uliyopanda leo." Asiyetaka aachwe, asibembelezwe. Mimi siku ya kwanza niliambiwa nimuuzie mtu mwavuli wakati wa kiangazi. Miguu ilitetemeka, lakini wiki iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Chizi Maarifa:
Tafuta MC mzoefu awanoe, kazi imeisha.

Mama Wawili wa Tabata:
@Chizi Maarifa akija MC, kikao kinageuka sendofu 😂

Kisiki cha Mpingo:
Ndugu yangu, tatizo ni hizo funguo. Smedley, mwanzilishi wa Toastmasters, alipoanzisha haya mambo California mwaka 1924, watu wake wa YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) walikuwa wanajifunza kuhutubia na pia kuendesha kikao. Wewe ukiendesha kila kitu, nusu ya somo umewanyima. Kazi ya mlezi ni ya miezi sita mpaka mwaka baada ya usajili, kisha unaondoka. Sasa wakikuzoea hivi utaondokaje? Toa funguo wiki hii. Ratiba mpe mwingine, hata akiivuruga. Wewe kaa kiti cha nyuma, kikao kikiisha mwite pembeni umwambie ulichoona.

Jambo ambalo hukulitaja, na mimi naona ndilo linaloua klabu nyingi, ni tathmini. Kwetu mtu akimaliza kuongea anaambiwa "umetisha, kaka", makofi, kaa. Atajifunza nini hapo? Mtathmini aseme kitu kinachoshikika: "Ulipofika kwenye habari ya mama yako ulinyamaza kidogo, sote tukakutazama. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni mwanzo mpaka mwisho." Na awepo mtu wa kuhesabu "yaani" na "nini hii". Kuna kijana kwetu alisomewa "yaani" 19, akabisha, tukamchezea sauti yake kwenye simu. Hakubisha tena.

Lugha isiwasumbue. Duniani kuna klabu zinazoendeshwa kwa lugha zao wenyewe. Anayetaka Kiingereza ahutubie Kiingereza zamu yake, ila kikao kibaki Kiswahili.

Fundi Saa:
Hapo kwa itifaki: mtunza muda anyanyue kadi ya kijani, njano, kisha nyekundu muda ukiisha. Saa inaanza kuhesabu akisema "habari za jioni".

Mtu wa Shekilango:
Asanteni sana. Funguo nimempa katibu leo mchana. Ila hiyo kadi nyekundu, mmoja wa hao wazee alikuwa diwani. Nani atamnyanyulia?

Kisiki cha Mpingo:
Mheshimiwa ndiye awe mtunza muda Jumanne. Akiona wengine wanavyokatwa, zamu yake ikifika atajua pa kuishia.