Naomba ushauri: pembe ya kisanduku cha mninga imeachama, gundi imeshakauka

Wakuu, habari za kazi. Kisanduku ni cha mninga, mbao za mm 12, pembe zimekatwa digrii 45 na kuunganishwa kwa gundi nyeupe ya mbao (PVA). Pembe tatu zimefunga vizuri. Ya nne ina ufa wa karibu mm 1 juu, chini imeshika. Klampu (kibanio cha mbao) ilivuta chini zaidi, na ncha za mbao zilikunywa gundi kwa sababu hazikupakwa mkono wa kwanza mwembamba wa gundi na kuachwa dakika chache.

Kujazia gundi mpya sitaki: PVA haishiki vizuri juu ya PVA iliyokauka, wala haizibi nafasi.

Nafikiria kuipasha moto pembe hiyo kwa mashine ya kukaushia nywele hadi gundi ilegee, niifungue, nikwangue mpaka mbao tupu, nibane upya. Hofu yangu ni pembe za jirani kulegea pia. Au nichonge kabari nyembamba ya mninga huohuo, niichomeke kwenye ufa na gundi, kisha niisawazishe kwa patasi na msasa namba 180?

Kisanduku kitapigwa vanishi isiyo na rangi, kwa hiyo kila doa litaonekana. Mngechagua ipi, na pembe za jirani mnazikingaje na joto?