Kikundi cha Ukoo: Huyo Kangal wa Baraka

Baraka: [video] Mnamwonaje huyu mheshimiwa? Ana wiki tisa. Mbwa wa mfanyakazi mwenzangu amezaa sita, wamebaki wawili, mmoja ananipa mimi.

Tumaini: Weee! Miguu yote hiyo ya wiki tisa?

Mama Baraka: Mzuri jamani. Kanavyokula!

Mjomba Yona: Mbegu gani hiyo?

Baraka: Kangal, Mjomba. Wa Uturuki. Dume akikomaa anafika kilo 50, wengine 60.

Mjomba Yona: Safi. Mwanaume anafuga mbwa wa maana.

Neema: Mimi msimamo wangu nimeshamwambia mume wangu nyumbani. Hapa nasoma tu.

Tumaini: Hahaha kumbe kesi imekatiwa rufaa

Shangazi Tabu: Baraka mwanangu, umewahi kufuga mbwa? Wako mwenyewe, si yule wa marehemu baba yako.

Baraka: Wangu mwenyewe bado, Shangazi. Lakini nimesoma sana na video nimeangalia za kutosha.

Shangazi Tabu: [ujumbe wa sauti, 4:12]

Mjomba Yona: Shemeji tuandikie, niko kikaoni.

Shangazi Tabu: Haya, ila naandika taratibu, mnivumilie. Kangal ni wilaya kule Sivas, Uturuki. Mbwa hawa kazi yao tangu zamani ni kulala na kondoo na kuwalinda dhidi ya mbwa mwitu (wolf). Mchungaji amelala zake, au yuko kilima cha pili. Mbwa akisikia kitu gizani hana wa kumuuliza. Anaamua mwenyewe. Waliokuwa wanasubiri amri walikuta kondoo wameliwa, na hao hawakuzalishwa.

Shangazi Tabu: Sasa huyo ndiye unayetaka kumwambia "kaa" mgeni akigonga mlango.

Furaha: Namibia wanawatumia pia. Cheetah Conservation Fund, shirika la kulinda duma, tangu 1994 wanawapa wafugaji Kangal na wenzao wa Anatolia, walinde mbuzi dhidi ya duma. Mbwa akikua na mbuzi tangu mdogo, duma akimwona anakwenda kutafuta pengine, na mfugaji hana sababu ya kumpiga duma risasi. Mimi nawapenda sana.

Shangazi Tabu: Hata mimi nawapenda, Furaha. Huko wana kazi yao. Baraka ana mbuzi?

Tumaini: Baraka ana sofa

Baraka: Tumaini nyamaza. Jamani mbwa ni malezi! German Shepherd nao si wakali? Watu wangapi wanaanza nao?

Mjomba Yona: Mimi nilianza naye. Hakunisumbua hata siku moja.

Shangazi Tabu: Shemeji, yule ni mbwa wa aina nyingine kabisa. Naye alitokana na mbwa wa kondoo, lakini wa kuswaga, anayefanya kazi huku anamtazama mchungaji usoni. Ukimwita anageuka kwa sababu amezaliwa anataka kujua unasemaje. Nguvu anazo, ila anauliza. Kangal, Mbwa wa Caucasus, Boerboel wa Afrika Kusini, hawa hawaulizi sana. Watu huwaita wakaidi. Mimi naona ni mbwa wanaojiamini, na mtu mgeni hajui afanye nini na mbwa anayejiamini kuliko yeye.

Shangazi Tabu: Na kutii peke yake si salama pia. Malinois wa polisi ana kilo 25 hadi 30 tu na anatii kuliko wote niliowataja. Mpe mtu anayeshinda kazini kutwa, mwezi wa pili mlango umetafunwa.

Furaha: Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science mwaka 2022. Waliwauliza wenye mbwa zaidi ya 18,000. Wakakuta mbegu inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa.

Baraka: HAPO SASA. Asilimia 9! Dada ubarikiwe.

Furaha: Sijamaliza. Katika tabia zote walizopima, iliyofungamana na mbegu kuliko nyingine ni ile ya kusikiliza maelekezo ya mtu. Yaani hicho hicho anachokisema Shangazi.

Baraka: Nimekunyang'anya baraka zangu.

Furaha: Halafu asilimia 9 ni ya tabia, Baraka. Uzito haumo. Kijibwa cha kilo nne kikikosea unapaka dawa. Wa kilo 55 akikosea mara moja tu ni habari nyingine.

Mama Baraka: Mungu wangu. Na wajukuu zangu wanakuja kila likizo.

Tumaini: Lakini Hachiko, yule mbwa maarufu wa Japani, alikuwa Akita, nao wanaitwa mbegu ngumu. Bwana wake profesa alifariki 1925, mbwa akamsubiri kituo cha treni cha Shibuya mpaka naye akafa 1935. Huo ukali mbona hausemwi?

Shangazi Tabu: Sijawahi kusikia mtu akilalamika kuwa Akita hampendi bwana wake. Shida ni watu wengine wote, na mbwa wa jirani, hasa dume kwa dume.

Mjomba Yona: Mnamtisha kijana bure. Samaki mkunje angali mbichi. Kuanzia siku ya kwanza akileta jeuri unamlaza chali, unambana hapo chini mpaka atulie. Anajua nani bwana. Mbwa ni mbwa mwitu huyo, lazima awe na kiongozi.

Furaha: Mjomba hiyo habari ya kiongozi ilitoka kwa mtafiti Rudolf Schenkel, 1947. Aliwachunguza mbwa mwitu waliofungiwa pamoja, wakawa wanagombana. Mtafiti mwingine, David Mech, naye aliieneza kwenye kitabu chake cha 1970, halafu akaenda kuwaangalia porini, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna cha kupigania ubwana. Mwenyewe aliikana.

Mjomba Yona: Mimi sikusoma kwa huyo. Nilikuwa nafanya na ilifanya kazi.

Shangazi Tabu: Kwa yule wako ilifanya kazi kwa kuwa alikuwa mpole, shemeji, usikasirike. Mbane hivyo Kangal akiwa na wiki tisa, atatulia. Mbane akiwa na miaka miwili uone. Na ukimpiga kila akinguruma, kitakachoisha ni kunguruma. Kilichomfanya angurume kiko palepale, na siku moja ataruka bila kukuonya.

Shangazi Tabu: Sasa Baraka. Irudie hiyo video uliyotuma, ile sehemu mkono unapoingia kwenye bakuli. Simamisha. Waambie wote waangalie.

Tumaini: Mtoto anakula. Mkono unamgusa. Anaendelea kula. ??

Mama Baraka: Na mimi naona hivyo hivyo.

Shangazi Tabu: Kabla ya mkono: masikio yamelegea, mkia unacheza, anatafuna ovyo ovyo. Mkono ukikaribia, anaacha kutafuna lakini mdomo hautoki kwenye bakuli. Shingo inakakamaa. Mkia umesimama tuli. Kichwa hakigeuki, jicho ndilo linamfuata mtu, mpaka weupe wake unaonekana pembeni. Halafu anaanza kumeza haraka haraka. Mkono ukiondoka, mkia unarudi kucheza.

Furaha: Kha! Kweli. Nimeirudia.

Neema: Mimi nimepata baridi.

Baraka: Mimi nilidhani ana njaa tu...

Shangazi Tabu: Pengine anayo. Sisemi ni mbwa mbaya. Watoto sita kwenye sinia moja, wengi hujifunza hivyo, na akiwa mdogo hivi inarekebishika: unapita mbali kidogo, unadondosha kitu kitamu kuliko alicho nacho, unaendelea na safari yako. Kila siku, kidogo kidogo, mpaka mtu akikaribia bakuli yeye anafurahi. Huo mkono wa kumgusagusa akila uachwe kabisa. Nilichotaka mwone ni kwamba mbwa amesema, wazi kabisa, na ukoo mzima umesema kanakula vizuri.

Tumaini: Tumepigwa

Mjomba Yona: Hilo la jicho sikulijua.

Baraka: Kwa hiyo Shangazi, mtu asiyewahi kufuga asiwaguse kabisa hawa? Maana hata wewe ulianza mahali.

Shangazi Tabu: Namjua dada mmoja alianza na Rottweiler, tena dume, na alimlea vizuri kuliko wafugaji wazoefu. Ila alikuwa na mkufunzi kabla hajawa na mbwa. Alienda kwanza kumwona mama wa yule mtoto, mara kadhaa. Alikuwa nyumbani muda mwingi. Na alipoona kitu asichokielewa hakusubiri kiishe chenyewe. Wengine wote ninaowajua walianza na mapenzi tu, na mapenzi yanatosha mpaka mwezi wa kumi na mbili hivi.

Furaha: Kwa nini hapo?

Shangazi Tabu: Mbwa anabalehe. Hawa wakubwa akili inakomaa taratibu, mwaka na nusu hadi mitatu. Mtoto aliyekuwa anawakimbilia wageni wote siku moja anasimama mlangoni, anamtazama fundi, hatoki. Mwenye mbwa anasema kabadilika. Hajabadilika, kazi aliyozaliwa nayo ndiyo imeanza. Hapo ndipo wengi wanamfunga mnyororo nyuma ya nyumba, na mnyororo unamwongezea ukali, basi tena.

Baraka: Nikimzoesha watu mapema je? Nilisoma kuna kipindi maalumu.

Furaha: Kipo. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14. Anachokiona bila kuogopa wakati huo, baadaye anakiona cha kawaida.

Shangazi Tabu: Huyo ana wiki tisa, kwa hiyo kipindi kiko ukingoni. Na chanjo hazijakamilika, huwezi kumweka chini kila mahali. Ungembeba mikononi kila siku: watoto, wazee wa fimbo, pikipiki, watu wenye kofia. Wewe unaingia kazini saa ngapi?

Neema: Anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Anarudi usiku. Naomba nijibie hilo.

Tumaini: Shahidi muhimu kafika

Neema: Na jingine. Mimi nina kilo 54. Huyo mbwa akiwa na 55, akaona paka upande wa pili wa barabara, anayeshika kamba ni mimi. Si Baraka. Nimemuuliza swali hilo siku nzima, ananitumia picha za miguu.

Mama Baraka: Mkwe wangu umesema kweli.

Mjomba Yona: Hapo kijana sina la kukutetea.

Baraka: Mbona wote mmehamia upande mmoja?

Furaha: Uingereza wao waliandika sheria kabisa mwaka 1991, mbegu nne zikatajwa. Baadaye wakaongeza XL Bully, mbwa mkubwa mwenye misuli: kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kuwa naye England na Wales bila cheti cha msamaha ni kosa.

Shangazi Tabu: Sheria ile inampima mbwa kwa rula. Anayeshika kamba hapimwi. Mimi ningeanza na huyo, lakini si kazi yangu.

Baraka: Sasa nifuge nini? Ulinzi nauhitaji kweli.

Shangazi Tabu: Ulinzi wa nyumba nyingi ni kubweka. Tafuta chotara wa wastani, mtu mzima, miaka mitatu au minne, ambaye tabia yake imeshajulikana. Anayemtoa atakwambia anaogopa nini, anapenda nini, watoto anawaonaje. Mtoto wa mbwa hakuna wa kukwambia hayo, unabahatisha.

Baraka: Mtu mzima hatanizoea.

Shangazi Tabu: Atakuzoea. Mpe miezi, si siku.

Mama Baraka: Na chanjo ya kichaa cha mbwa, yeyote atakayekuja.

Baraka: Sawa. Lakini huyu mdogo Jumamosi naenda kumwona hata hivyo. Nimeshaahidi.

Shangazi Tabu: Nenda. Mwombe mwenyewe akutolee mama wa watoto, asimfungie. Msimame mbali, mwacheni aje mwenyewe. Akigoma kumtoa kwa sababu "hapendi wageni", jibu umeshalipata.

Neema: Naenda naye.

Mjomba Yona: Mkirudi mtupe taarifa. Kwa maandishi, si sauti.

Shangazi Tabu: [ujumbe wa sauti, 2:47]