Uji wa mawe kwa bomba kutoka Karamoja: maji yatatoka wapi?

Mwanzisha mada: Katika mazungumzo yetu kuhusu malori yanayobeba mawe ya chokaa kutoka Moroto, Karamoja, hadi viwanda vya saruji vya Tororo, hapa Uganda, mmoja wetu alipendekeza mawe hayo yasagwe, yachanganywe na maji yawe uji, kisha yasukumwe kwa bomba, kama Wamarekani walivyofanya kwa makaa ya mawe. Napinga, na sababu yangu ni maji.

Bomba hilo la Wamarekani lilianza kazi mwaka 1970, likitoka Black Mesa, Arizona, hadi kituo cha umeme cha Mohave, Nevada, umbali wa kilomita 439. Uji wake ulikuwa nusu makaa na nusu maji kwa uzito, maana yake kila tani ya makaa iliondoka na takriban lita 1,000 za maji. Kwa mwaka zilivutwa zaidi ya mita za ujazo milioni 4 kutoka chini ya ardhi ya Wahopi na Wanavaho, wakulima na wafugaji wa nchi kame, ambao chemchemi na visima vyao vilitegemea akiba hiyohiyo. Walilalamika miaka mingi. Bomba lilifungwa mwishoni mwa 2005 pamoja na kituo chenyewe, ambacho pia kilitakiwa kupunguza moshi wake.

Mchangiaji, Mbale: Ndugu, maji yale hayakumwagwa bure, kituoni yalikamuliwa kutoka kwenye makaa yakatumika kupoza mitambo. Tena Waingereza wanasukuma chokaa kwa bomba hadi kiwanda cha saruji cha Rugby tangu miaka ya 1960. Malori nayo yanatumalizia barabara.

Mwanzisha mada: Kuhusu malori tunakubaliana. Lakini maji hayo yalitumika kando ya Mto Colorado, ambao tayari ulikuwa unakihudumia kituo, aliyechotewa hakurudishiwa. Na Uingereza mvua haibembelezwi. Kwetu kiangazi kikikolea Wakarimojong huhamishia ng'ombe Teso, na bwawa la Kobebe hunywesha hata mifugo ya Waturkana kutoka Kenya. Anayetaka bomba atutajie kwanza bwawa au kisima kitakachotoa maji hayo, na aseme kama atagharamia bomba la pili la kuyarudisha, pamoja na nishati ya kuyapandisha, kwa kuwa Moroto iko juu kuliko Tororo. Mimi ningeidai serikali reli ya Tororo hadi Gulu, ambayo inapita Soroti, ili mawe yapandie treni hapo.